Boti yangu ya "Suruali" ilivyoondoka Mwamgongo katikati ya posa, shangazi akiwa ndani

Wakuu, hodi humu. Poleni na mihangaiko ya wiki.

Ninaloleta ni tukio langu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Kanzu niliyovaa siku ile bado ina doa la petroli, mke wangu ameshindwa kulitoa. Na kwa yeyote atakayehisi nimeongeza chumvi, mhusika mwenzangu mmoja ni mwanachama humu jukwaani. Atanisahihisha. Atanisahihisha hata pale nilipo sahihi, ndivyo alivyo.

Nisiwazungushe.

Mimi ni fundi wa friji, naishi Ujiji. Karakana tunatumia moja na jamaa yangu Deo, fundi wa kuchomelea. Deo ni mtu wa Kidahwe, kule barabara ya Kasulu. Nalisema mapema kwa makusudi. Mtu kakulia kwenye mihogo na migomba, maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa kwenye pipa. Lakini siku aliyoamua kwamba anajua boti, hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo.

Wazo la kuunda boti lilikuwa langu. Tukakubaliana iwe ya miguu miwili.

Kwa wale wa mbali na ziwa: wavuvi wetu wa dagaa siku zote huunganisha mitumbwi miwili kwa miti, katikati wanashusha wavu. Kwa hiyo boti ya miguu miwili siyo kitu cha ajabu huku. Ila hii yetu ilikuwa ya kisasa. Miguu miwili myembamba ya plaiwudi iliyopakwa fiberglass, inaunganishwa kwa boriti, juu yake jukwaa la kukalia abiria. Wazungu wanaiita katamarani.

Watu wa Ujiji waliitazama mara moja tu wakaiita Suruali. Jina likashika. Hata mimi nimeacha kubishana.

Sasa tuje kwenye kiini cha uzi huu: mahali pa kufungia nanga.

Boti ya kawaida, yenye mwili mmoja, unafunga kamba mbele, unatupa nanga, unaenda kunywa chai. Boti ya miguu miwili haiko hivyo. Ukiifunga mguu mmoja inakaa upande upande, inapigwa na mawimbi ubavuni. Ukiifunga kwenye boriti ya katikati, boriti yenyewe haikuwekwa pale kwa ajili ya kuvutwa. Kwa hiyo unaweka pete imara kwenye pua ya kila mguu, kamba moja inatoka kushoto, nyingine kulia, zinakutana mbele ya boti kama herufi V. Hapo zinapokutana ndipo unafunga kamba ya nanga. Mzigo unagawanyika, boti inatazama upepo kwa adabu.

Hilo mimi na Deo tulikubaliana. Ugomvi ukaja kwenye namna ya kushikiza hizo pete.

Mwishowe tukagawana. Mimi mguu wa kushoto, yeye wa kulia, kila mtu na akili yake.

Mimi nilitoboa hadi ndani. Ndani nikaweka kipande cha mninga, kinene na kipana, chini yake bamba la chuma, bolti zikapita zote hadi chini, washa, nati, nikakaza mpaka spana ikalia. Nikapaka resini. Ilikuwa na sura mbaya, nakiri. Ilionekana kama kidonda kilichofungwa na mtu mwenye hasira.

Deo akakunja chuma chake kikapinda vizuri, akakisaga kikateleza, akakipaka rangi ya fedha. Akakishikiza kwa skrubu kutokea juu. Skrubu nyingi, kuzunguka kote, kama vifungo vya koti la bendi. Ndani hakuweka kitu.

Nikamwambia, "Deo, chini ya hiyo plaiwudi pako wazi. Umeshikiza kwenye ngozi."

Akasema, "Skrubu nilizoweka hapo zinashika mlango wa benki."

"Mlango wa benki hauvutwi na ziwa."

"Wewe rudi kwenye friji zako."

Wakuu, ningeweza kumlazimisha. Boti ilikuwa wazo langu na neno la mwisho lilikuwa langu. Lakini niwaambie ukweli wa moyoni: nilitaka ile pete ing'oke. Siyo kwa ubaya. Nilikuwa nimejipangia ing'oke siku ya utulivu, pale pale ufukweni Ujiji, watu wakiwepo wa kutosha, ili nisimame kando nisiseme neno lolote.

Ziwa halikufuata ratiba yangu.

Mdogo wangu Idrisa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amempata binti anaitwa Riziki. Kwao Mwamgongo, kaskazini ya Gombe. Binti anafanya biashara ya dagaa, analeta mzigo Kibirizi kwa boti, ndiko walikokutana. Ikafika siku ya kwenda kuposa. Mwamgongo unakwenda kwa maji, kwa hiyo nikajitolea Suruali.

Msafara ulikuwa mdogo. Mshenga wetu Mzee Sudi, mtu wa maneno matamu ambaye akianza kuongea hufumba macho. Shangazi Mwajuma, dada wa marehemu baba, aliyetulea mimi na Idrisa tangu wadogo. Mimi. Na Deo, aliyejiteua mwenyewe kuwa fundi mkuu wa chombo. Idrisa alibaki nyumbani kama ilivyo desturi, akituma meseji kila tulipopata mtandao.

Safari ilikuwa nzuri mno. Tulipopita Gombe, nyani walitoka ufukweni wakatukagua kama watu wa uhamiaji. Shangazi akawapungia mkono. Nikajisikia nahodha.

Tukafika Mwamgongo asubuhi. Ufukwe ulikuwa umejaa mitumbwi, hakuna nafasi ya kupandisha boti, kwa hiyo tukatia nanga kidogo nje. Nikatoa kamba fupi ili tusije tukazunguka tukagonga vyombo vya watu. Mlijue ziwa letu: ufukwe ukishaacha mchanga, unatelemka kama ukuta. Hatua chache kutoka ilipo nanga, kina hakina habari na wewe.

Vijana wa kwa kina Riziki wakaja kutubeba mgongoni ili tusilowane. Mzee Sudi akabebwa, mimi nikabebwa, Deo akabebwa akiwa ameshika viatu.

Shangazi akakataa.

"Mimi sijabebwa mgongoni tangu nilipoachishwa ziwa," akasema. "Sitaanza leo mbele ya wakwe. Leteni mtumbwi."

Mitumbwi midogo yote ilikuwa kazini. Tukakubaliana tutangulie kusalimia, mtumbwi ukipatikana atafuatwa. Akatandika mkeka wake jukwaani chini ya turubai, akavaa boya lake vizuri, akaweka mfuko wa zawadi kichwani kama mto. Ndani ya mfuko kulikuwa na vitenge vya mama yake Riziki.

Na mimi, kwa kuogopa mtu asiwashe boti yangu, nikachomoa mpira wa mafuta kwenye injini nikautia mfuko wa koti. Ndiyo, mkuu, nilikwenda kuposa nikiwa na mpira wa petroli mfukoni.

Nyumba ya Mzee Bukuru, baba yake Riziki, iko juu kidogo, baraza inatazama ziwa. Namna tulivyopangwa kukaa ndiyo iliyonimaliza. Wenyeji walilipa ziwa mgongo. Sisi wageni tulilitazama.

Salamu zikaenda vizuri. Mzee Sudi akafumba macho akaanza kazi.

Mzee Bukuru siyo mtu wa kuyeyushwa na maneno. Alimsikiliza, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu binti nimemlea kwenye maji haya," akasema. "Ninyi huko Ujiji nasikia siku hizi mnapanda bajaji. Atakapotaka kuja kutusalimia, atakuja na nani, na kwa chombo gani?"

Swali lilikuwa zito, lakini kwangu lilikuwa kama chakula. Nikajiweka sawa.

"Mzee, chombo tunacho. Tumekiunda kwa mikono yetu wenyewe. Kikishatia nanga kinatulia, hakitikisiki."

Nikawa namwangalia usoni kwa heshima. Nyuma ya sikio lake nikaiona Suruali imekaa upande.

Upepo ulikuwa umegeuka. Ulianza kushuka kutoka milimani, ule wa ghafla unaotangulia mvua, na boti iliyopaswa kugeuka itazame ufukweni kwa adabu sasa ilikuwa imetuonyesha ubavu. Ina maana pete moja imekwenda.

Deo naye akaona. Akanisogelea.

"Ya kwako hiyo," akaninong'oneza.

"Ya kwangu ni kushoto."

"Kushoto ukiwa umekaa wapi?"

Nikahesabu kichwani. Iliyobaki ilikuwa yangu. Na kusema kweli, wakuu, kwa muda kidogo nilisikia raha ambayo sistahili kuielezea hapa.

Kisha boti ikaanza kwenda.

Haikwenda kwa haraka. Ilikwenda kama mgeni anayeondoka msibani bila kuaga. Nanga ilikuwa imevutwa mpaka kwenye ule mtelemko, ikaanguka kinani, sasa inaning'inia tu chini ya boti haishiki kitu.

Wakati huo Mzee Sudi, macho yamefumbwa, alikuwa amefika pazuri. "Tumezunguka bandari nyingi, ndugu zetu, lakini hapa, hapa nyumbani kwenu, ndipo tumetia nanga, na hatuna mpango wa kuondoka."

Deo akaanza kukohoa. Hadi leo sijui alikuwa anacheka au analia.

Simu yangu ikaita. Shangazi.

Nikaomba radhi, nikapokea kwa sauti ya chini. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hivi Kassimu, hawa watu wa Mwamgongo wanahama?"

"Wanahamaje, shangazi?"

"Naona nyumba zao zinakwenda."

"Zinakwenda wapi?"

"Nyuma."

Mzee Bukuru akaniuliza ni nani. Nikasema ni shangazi, anawasalimia. Akasema mwambie tumepokea.

"Wanakushukuru," nikamwambia.

"Sawa. Sasa sikiliza. Huku mbele, mguu wa kulia, pana tundu. Lile dude la rangi ya fedha limeondoka na ubao wake. Wimbi likija linaingia humo ndani."

Hapo utani ukaniishia mwilini. Ule mguu ukijaa maji, boti inalala upande, na shangazi hajui kuogelea. Injini anayo lakini mpira wa mafuta niko nao mimi. Nikamwona yule mama aliyetupikia uji asubuhi zote za utoto wetu, peke yake juu ya plaiwudi niliyoigundisha mimi.

"Shangazi, ziba hilo tundu. Ziba na chochote."

"Nimeshatia vitenge. Na juu yake nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Juu ya tundu, Kassimu. Nimelikalia. Wewe fanya haraka."

Nikasimama. Mzee Bukuru akaniangalia. "Kaa, kijana. Swali langu hujalimaliza."

"Mzee," nikasema, "shangazi yangu anakwenda Kongo."

Baraza zima likageuka.

Tukashuka mbio hadi ufukweni, kanzu tumezishika mkononi. Mzee Bukuru, pamoja na umri wake, alinipita. Akawa anaita mtumbwi wa injini wa mwanawe mkubwa. Mtumbwi haukuwepo. Watu wakamwonyesha kidole ziwani: ulikuwa tayari mbali, unakata mawimbi kuelekea kwenye Suruali.

Mama yake Riziki akarudi ndani mbio, akatoka ameshika kichwa. Chumba alichofichwa binti kilikuwa kitupu.

Tulikuja kujua baadaye. Riziki alikuwa dirishani muda wote, akisikiliza anavyoombwa. Boti ilipoanza kuondoka aliiona kabla yetu. Akasubiri aone kama wageni watasema kitu. Alipoona naendelea kusifia chombo, akatoka mlango wa nyuma, akamkuta kaka yake, wakaondoka. Amevaa nguo aliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, ya njano.

Kwa hiyo tulisimama pale ufukweni tukitazama kitone cha njano. Mvua ilikuwa inakuja. Pua ya kulia ya Suruali ilikuwa imeinama na ilizidi kuinama. Deo alikuwa ameshika mkono wangu na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejua.

Mtumbwi ukakaribia. Kitone cha njano kikaruka kikaingia kwenye boti yetu. Muda ukapita. Halafu mlio wa injini ukabadilika, ukawa mzito, na Suruali ikageuza uso ikaanza kuja.

Nikapumua.

Nikamwambia Deo, "Unaona wamefunga kamba wapi? Kushoto."

Akajibu, "Wamefunga palipobaki."

Katikati ya njia wakasimama. Injini ikanyamaza kabisa. Tukaanza upya kuogopa, tukidhani mashine imekufa. Mzee Bukuru akaingia majini hadi magotini akipunga mikono. Baada ya muda wakawasha, wakaja taratibu kama watu wanaotoka matembezini.

Shangazi alishuka kutoka mtumbwini ulipogusa mchanga. Amelowa hadi kifuani, boya liko pale pale, mkono wake kaushika Riziki, nguo ya njano ya binti imejaa kutu na resini. Akamsalimia Mzee Bukuru kwa Kiha, "Mwakeye," naye akaitikia.

Kisha akasema, "Ndugu yangu, msijisumbue kurudi kukaa. Sisi tumeshamaliza huko majini."

Mzee Sudi akaumia. "Mmemaliza nini, na mimi sijafika hata nusu?"

"Binti amekubali. Masharti yake nimeyapokea. Tulimwambia kijana azime mashine, maana kelele zilikuwa zinatukatisha."

Masharti yenyewe: biashara yake ya dagaa haiguswi na mtu. Idrisa ajifunze kuogelea, tena kabla ya harusi. Na Suruali haiondoki Mwamgongo mpaka pete zote mbili zifungwe upya yeye akiwa amesimama hapo.

Mzee Bukuru alitoka majini. Akamwuliza bintiye mbele ya watu wote, "Riziki, ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Nilipofika nilimkuta shangazi yao amekalia tundu, maji yako kiunoni, amenyamaza. Akaniuliza kwanza kama nimekula. Nikasema huko naweza kuishi."

Mzee akatazama ziwa. Halafu akanisogelea, akanusa.

"Kijana, tangu umeingia kwangu kuna kitu kinanuka petroli."

Nikautoa mpira mfukoni. Mzee Bukuru akacheka hadi akakaa kwenye mtumbwi, na alipocheka yeye, ufukwe wote ukapata ruhusa.

Vitenge vilianikwa kwenye kamba barazani. Mama yake Riziki hakukubali tumbadilishie. Kimoja alikivaa siku ya harusi, doa la kutu likionekana vizuri begani, na kila aliyemwuliza alipewa habari nzima.

(Mkuu mmoja kaniuliza PM kama niliiacha hiyo boti. Sikuiacha, endelea kusoma.)

Tulilala Mwamgongo, kesho yake tukakagua. Skrubu za Deo zilikuwa zimetoka na kipande cha plaiwudi, nzima kabisa, zimeshikana na ule ubao kama ndugu. Nikamwonyesha. Akasema, "Unaona? Skrubu hazijaachia. Kilichoachia ni boti yako."

Kisha akanirudia kwenye kamba. Kwamba niliitoa fupi mno, kwa hiyo upepo ulipokuja kamba ilivuta kwenda juu badala ya kulala, ikaing'oa pete yake na kuichomoa nanga kwenye mchanga. Kwamba ingekuwa ndefu, hata kwa pete moja boti ingebaki pale pale.

Wakuu, kwenye kamba yuko sahihi. Sijawahi kumwambia uso kwa uso, nasema humu kwa sababu najua atasoma.

Tukaweka mninga na bamba la chuma pande zote mbili, bolti za kupita. Riziki alisimama pale na mwavuli. Tulipomaliza hakuuliza kitu. Alifunga kamba kwenye pete ya kulia, upande mwingine kwenye mtumbwi wa kaka yake, Suruali tukaifunga kwa nyuma kwenye mwamba, akamwambia kaka yake avute kwa mashine yote. Akahamia kushoto, akarudia. Ndipo akatuambia tunaweza kwenda.

Harusi ilifanyika na wanaishi vizuri. Idrisa kuogelea anajifunza, ingawa mpaka sasa anakunywa zaidi ya anavyoogelea. Shemeji alilegeza kidogo kwenye sharti la "kabla ya harusi".

Nilichojifunza. Ukiwa na boti ya miguu miwili, pete mbili, kila mguu na yake, na kila pete ipite hadi ndani ikutane na mbao ngumu na chuma. Uzuri wa juu hausaidii. Kamba usiibane, ipe nafasi ya kulala. Usishuke ukamwacha mtu kwenye chombo halafu ukaondoka na mpira wa mafuta. Na ukiona rafiki yako anakosea kitu ambacho watu watakikalia, mwambie akirekebishe siku hiyo hiyo. Usimsubiri aumbuke ukiwa umeandaa kicheko, kwa sababu hujui siku hiyo nani atakuwa amelala jukwaani.

Kwa wenye uzoefu wa hizi boti, wa ziwani na wa baharini, mwageni maarifa: nanga mnafungia wapi, na pete zenu mmezishikiza vipi? Wenye picha wekeni. Wanaotaka kucheka tu, chekeni, shangazi mwenyewe anacheka.

Deo, najua umesoma mpaka hapa. Andika.